Shule Niliyomchagulia Mariamu

Jumanne, Desemba 1964

Ninaandika ili nikiri kosa ambalo sijathubutu kumweleza mwalimu mkuu wa shule yetu.

Mariamu wa Matungu, mwanafunzi wangu bora wa darasa la saba, amefaulu lakini hana shule. Yeye alitaka shule ya wasichana iliyo karibu. Mimi, niliyejaza fomu yake, niliiandika ya tatu, nikatanguliza mbili za mbali zenye sifa. Zile mbili zimemkataa. Ya karibu huchukua walioitanguliza tu.

Leo baba yake alikuja shuleni. Baada ya salamu akauliza, “Mwalimu, mtoto alikuambia anataka wapi?”

“Hapa karibu, mzee.”

“Na huko mbali, nani alitaka aende?”

Nilimsogezea kiti.

“Kumbe nilisomesha mtoto ili wewe usifiwe!”

Akaongeza kwamba posa imeshaletwa, naye ataijibu Jumamosi. Mariamu alikuwa nyuma yake, akitazama sakafu.

Walipoondoka nimekwenda kumsihi mkuu wa shule ya karibu. Hakuahidi nafasi. Anataka kwanza nikasimulie ofisini kwake, mbele ya Mariamu na baba yake jinsi fomu ilivyojazwa. Ijumaa, saa tatu asubuhi.