Kwa Nolberto, Aliyevuka Mto kwa Ujumbe Wetu

Mwaka umetimia leo, Nolberto Chiguay, tangu mto ukuchukue wewe na mbwa wako Ministro. Kibuyu chako cha kunywea chai ya mate bado kiko juu ya jiko, palepale ulipokiacha. Hakuna anayethubutu kukigusa.

Tungependa kukuandikia kama familia nyingine zinavyowaandikia watu wao, maneno machache matamu, majina, basi. Lakini mkeo Uberlinda ametuwekea sharti. Amesema jina lake lisitajwe pamoja na yetu mpaka tuseme ukweli wote wa siku ile, na tuuseme kwenye redio ileile iliyokuletea ujumbe wetu, saa saba mchana, wakati kisiwa chote cha Chiloé kinakula na kusikiliza. Mama alikataa wiki tatu. Kwa hiyo vumilia, ndugu yetu, tangazo hili ni refu.

Tuanze na wema wako, maana huo hauna ubishi. Ulikuwa fundi wa kuezeka paa kwa vibao, na hakuna mjane wa kijiji hiki aliyelowa mvua ndani ya nyumba yake wewe ukiwa hai. Uliimba juu ya mapaa ya watu, tena vibaya, Mungu atusamehe. Ulikula viazi na maganda yake. Ulimwogopa daktari wa meno kuliko radi.

Na mbwa, jamani! Ministro, yaani Waziri, ulimpa cheo hicho kwa sababu alikula vizuri na hakufanya kazi yoyote. Chispa, yule jike mdogo mweusi, alilala ndani ya koti lako hata kanisani. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Wenzangu wameletewa wajukuu. Mimi nimeletewa wenye mikia." Watu walicheka, na Uberlinda alicheka nao. Leo tunajua yale maneno yalimuuma kiasi gani.

Wewe na Uberlinda mliishi miaka saba bila padre kuwafungisha ndoa, kwa kuwa mume wake wa kwanza alimtoroka akaenda Argentina, akapotelea huko. Kosa halikuwa la mkeo. Lakini kwa Mama aliitwa "yule mwanamke", na sisi wengine tukafuata mkumbo.

Miaka yote saba ulimwahidi siku tatu. Siku tatu tu kwenye kibanda cha marehemu mjomba Eleodoro, kule msituni ng'ambo ya mto, pasipo paa la mtu wala maneno ya ukoo. Kila mwaka kikazuka kitu: nguruwe wa kuchinja, ubatizo, dhoruba iliyong'oa vibao vya nusu kijiji. Mwaka jana mwezi wa Aprili hukumsikiliza mtu. Siku ya Jumanne ulibeba unga, soseji za moshi na redio ya betri, mbwa wakatangulia mbele. Dada yako Edita aliwakuta kwenye lango.

"Heeh, fungate uzeeni?" akawatania.

"Wewe ulipata yako, dada, tuachie na sisi yetu," ukamjibu. "Jumamosi niko shambani kwa viazi. Mwambie Mama asinune."

Mama alinuna. Tena mawingu yalipoanza kujikusanya, akasogeza mavuno hadi Alhamisi. Majirani walikuja na majembe yao, watu ishirini, kama sisi tunavyokwenda kwao zamu yao ikifika. Unajua mwenyewe ilivyo aibu, watu wa nje wamekuja kukuvunia na mtoto wako mkubwa wa kiume hayupo. Kila aliyefika aliuliza, "Nolberto yuko wapi?" Mzee Rosendo, ambaye mdomo wake hauna mlango, akapaza sauti: "Orfelina, kumbe mwanao siku hizi anavuna mbwa!"

Shamba zima liliangua kicheko. Mama alimvuta Edita pembeni kwa aproni.

"Nenda redioni. Mwambie arudi leo hii."

"Niseme nini?"

"Sema naumwa."

Sasa, Nolberto, wewe unajua ujumbe wa redio unavyotiwa chumvi hapa kwetu. Ukisema "njoo", haji mtu. Ukisema "mgonjwa", atakuja wiki ijayo. Ukitaka mtu wa msituni atoke siku hiyohiyo, lazima useme mahututi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukituchekesha: "Saa saba kila mama wa kisiwa hiki anakata roho, saa nane wote wako jikoni." Kwa hiyo mtangazaji alipomuuliza Edita, "Niandike mgonjwa au mahututi?", Edita hakufikiri mara mbili. Alisema, "Weka mahututi." Akarudi shambani kuwagawia watu supu.

Yaliyofuata tumeyajua mwezi uliopita tu. Uberlinda alitusimulia akiwa amesimama katikati ya jiko letu, kiti amekikataa.

Alisema siku ya kwanza mvua ilinyesha, mkalala mpaka adhuhuri, mbwa wote wawili juu ya miguu yenu. Siku ya pili mlichuma matunda ya mwituni. Chispa alimfukuza mbweha, halafu mbweha akageuka na Chispa akarudi mbio kujificha nyuma yako. Jioni ulicheza na Uberlinda muziki wa kodiani, miguuni mkiwa na soksi tu, ukamwambia mtakuja kila mwaka, na atakayeuliza aulize.

"Alikuwa na furaha," Uberlinda alisema. "Furaha ambayo nyie hamjawahi kumwona nayo hata siku moja."

Siku ya tatu redio iliwashwa kwa ajili ya muziki huohuo. Likasomwa jina lako. Ulivaa buti bila soksi. Yeye akajaribu kukutuliza: "Si wewe unayesema saa saba kila mama anakata roho?"

Ukamjibu, "Wa wengine. Wangu hajawahi kunitumia ujumbe."

Na ni kweli. Hajawahi, kwa sababu hukuwahi kwenda popote.

Mto ulikuwa umefura. Uberlinda alikushika mkono, akakusihi upite daraja la juu, mzunguko wa saa tatu. Ukasema, "Baada ya saa tatu sitamkuta." Ukaingia kivukoni, pale ambapo kiangazi maji hayapiti magoti. Ministro, ambaye hakuwahi kufanya kazi maishani mwake, alijitosa nyuma yako. Chispa alishikwa ngozi ya shingo, akawa analia na kumng'ata mkono Uberlinda ili amwachie.

Saa hiyo Mama alikuwa shambani, ameinama, anachagua viazi vya mbegu.

Jumamosi, siku uliyoahidi kuja, ndiyo siku tuliyokuokota.

Na hapa ndipo ubaya wetu ulipo, kwa sababu hatukusema. Watu walikuja kwenye sala za siku tisa wakatikisa vichwa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, yule mwanamke kampeleka mtoto wa watu msituni kustarehe mama yake akiwa kitandani. Waliovuna nasi Alhamisi walidhani Mama aliugua baadaye, na kwamba ujumbe ulisomwa Ijumaa. Tuliwamiminia wote kahawa na kunyamaza. Kwenye tangazo la kifo tulitaja mpaka binamu wa shemeji, Uberlinda hatukumtaja. Alikaa benchi la mwisho. Mlangoni mwa kanisa Mama alimwambia mbele ya watu, "Umeniulia mwanangu." Naye akainamisha kichwa, maana aliamini kwamba Mama aliumwa kweli na Mungu akamponya. Kwa miezi kumi na moja alijilaumu kwamba hakuweza kukuzuia. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichokumaliza wewe kilitoka nyumbani kwetu.

Ni yuleyule mzee Rosendo aliyefichua mambo bila kujua. Alikutana na Uberlinda dukani, akawa anamsifia Mama: "Mwanamke yule chuma! Alhamisi ile ya mavuno alinishinda kwa magunia mawili."

Jioni hiyohiyo Uberlinda aliingia kwetu bila hodi, Chispa kwapani.

"Mama, Alhamisi ile ulikuwa unaumwa nini?"



"Miguu," Mama akasema. "Miguu ilikuwa inaniuma."

Uberlinda hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitusimulia yale ya kibandani, akatoa sharti lake, akaondoka.

"Nizikwe kwanza, ndipo mseme," Mama alituambia. Siku nyingine alisema kila mtu hudanganya redioni, mbona watoto wa wengine hawafi. Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, mtangazaji alisoma ujumbe kwa mkata kuni mmoja: mama yako mahututi, rudi haraka. Mama aliweka kijiko chini. Akawa anauliza, "Kuna mto huko? Huko aliko kuna mto?" Hakuna aliyejua. Kisha akamwambia Edita, "Lete karatasi. Andika yote."

Jana Edita alimpelekea Uberlinda maneno haya ili ayasikie kwanza. Aliyasikiliza hadi mwisho akimkuna Chispa masikio. Hakulia. Edita akamuuliza, "Wifi, jina lako tuliweke mwanzo, baada ya Mama?"

"Liwekeni peke yake," akasema. "Mimi si wenu. Mimi ni wake."

Tumefanya alivyotaka.

Wanaokukumbuka: dada yako Edita, aliyepeleka ujumbe na aliyeandika haya, wadogo zako Arnoldo na Nelda, waliojua wakanyamaza, na mama yako, Orfelina Barría, ambaye siku ile alikuwa mzima wa afya.

Na peke yake: Uberlinda Mansilla, mke wako.

Hatuombi utusamehe. Kukusahau, Nolberto, hatutaweza hata tukitaka.