Kichupa Chako cha Mwisho

Nekesa rafiki yangu,

Nimechoka. Nimekalia kile kigoda chako cha kukaangia mandazi, hapa mtaani kwetu Lindi, Nairobi, hata viatu sijavua. Chumba chako amekipanga fundi viatu. Anagonga kutwa nzima, na nikisinzia nadhani ni wewe unapiga unga.

Leo nimekimaliza kichupa chako cha mwisho.

Ulipokubali kutolea damu utafiti wetu wa kinga ya mwili, ulinicheka mbele ya daktari: "Na hiyo damu yote mnapeleka wapi? Kwani mnaijaza kwenye matumbo ya mbuzi mpike mutura?" Nilikueleza, hukuamini. Tunatenga chembe za kinga na kuzigandisha. Siku ya kazi tunaziyeyusha, tunazitilia kingamwili zenye mionzi, tunasuuza, kisha mashine inapima mionzi iliyozishika. Hapo tunajua ni chembe za aina gani zilizobaki. Lakini zikishatiwa mionzi, hazirudi tena kwenye barafu.

Ndiyo maana kila mara nilianza na vichupa vya wengine. Walikusafirisha kwenu Bungoma kukuzika nikiwa zamu, sikukutupia hata konzi ya udongo. Kile kichupa ndicho kilichokuwa kaburi lako lililo karibu nami, nikikifungulia friza nakusalimu, "Sasa, Nekesa."

Leo kilibaki peke yake. Nilisimama pale mlango wazi, baridi inanipiga usoni, sitaki. Nikakumbuka ulivyomfokea binti yako Nafula alipokataa kuvaa rinda jipya, ati analiwekea Krismasi: "Vaa hiyo nguo sasa! Krismasi ikifika itakuwa imekubana." Nikakitoa.

Machozi yalinisumbua, maana ukiwa na glavu zenye mionzi huwezi kujipangusa. Nikayaacha yateremke. Chini ya darubini chembe zako nyingi zilikuwa hai. Wewe umekufa, Nekesa, na zenyewe hazikuwa zimeambiwa. Nililia kwa hilo kuliko siku ya msiba.

Nafula yuko kwangu. Anakula, anasoma, ana mdomo kama wako.

Masalio ya leo hayatupwi. Yamewekwa stoo ya maabara, nyuma ya matofali ya madini ya risasi yanayozuia mionzi, mpaka mionzi iishe nguvu. Ni miezi mingi. Kwa hiyo bado uko nami hapa Nairobi.

Siku ya kukutoa nitakutoa mimi, asikuguse mtu mwingine. Na ndani ya koti jeupe nitakuwa nimevaa rinda langu la Krismasi.

Pumzika, dada. Mimi nakwenda kuvua viatu.

Akinyi wako