Makau, Jumamosi Hii Kibanda Chako Hakitafunguliwa

MAKAU WA NZIVO
Mchongaji, Kaloleni, Nairobi
Uliaga dunia 14 Septemba 1995

Makau, mwaka mzima umepita tangu utuache, na mkeo Ndunge bado huweka sahani yako mezani, kisha huiondoa. Hatumwulizi. Yeye mwenyewe hajiulizi. Ni mkono tu umezoea.

Ulikuwa mtu wa kazi. Kaloleni ilikujua kwa mlio wa tezo yako nyuma ya nyumba, tangu asubuhi hadi watoto watoke shule. Twiga na ndovu wako wa mpingo walivuka bahari, lakini nyumbani hukuweka hata mmoja. Ulisema mchongaji mwenye sanamu sebuleni ni mchongaji aliyekosa wateja.

Na mbwa wote wa mtaa walikujua, maana ukoko wa ugali ulikuwa unawawekea kwenye mkebe. Bosko, mbwa wa jirani yetu Laban Kweyu, ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi kama mtu aliyeajiriwa. Alikaa mlangoni mpaka umalize chai. Marion, bintiye Kweyu, alikuwa amemlea kwa maziwa ya kikombe tangu watu wa lori walipomuua mama ya mbwa huyo.

Watu wa lori la baraza la jiji hatujawasahau. Mwaka ule walipiga risasi kila mbwa asiye na ukanda shingoni, watoto wakitazama. Kwa hivyo gari la kipaza sauti lilipopita mwaka uliofuata, likitangaza chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa katika ukumbi wetu, hakuna aliyeamini. Tulisema wamechoka kukimbizana na mbwa, sasa wanataka tuwapeleke wenyewe. Wewe ukafungua kibanda chako cha kazi. Mbwa wa watu wakashinda humo, wamefungwa kwenye magogo kati ya ndovu na twiga, na Mama Dishon wa nyumba ya kona akaimba nyimbo za kanisa pale nje ili wasisikike wakibweka. Ulimwambia Kweyu, "Wakipata hata mkia mmoja humu, mimi nahamia Umoja."

Watu walicheka wiki nzima. Madaktari wa mifugo waliketi ukumbini siku kutwa na sanduku lao la barafu, kisha wakaenda zao. Mtaa ukakuita shujaa. Hatukuwa wajinga, na mtu asituite hivyo leo. Tuliona damu kabla ya kuona sindano.

Bosko alikuwa mmoja wa waliofichwa.

Miezi ilipita. Asubuhi moja ukaingia ndani mkono umeufunga kitambaa. Ndunge alipouliza, ulisema patasi imeteleza. Alitaka kuufungua akuoshe, ukamtania kwamba mchongaji asiyejikata ni seremala. Akacheka, akauacha. Kesho yake alipeleka ile patasi ikanolewe, kwa maana patasi butu ndiyo huteleza. Siku hizo hizo Bosko alipotea, akapatikana amekufa kando ya reli. Kweyu alisema ni treni, na sote tukasema ni treni.

Kidonda kilipona. Ndunge akizungumza juu yako, hilo ndilo analolirudia: kilipona.

Kisha mkono ukaanza kukuwasha pale pale palipopona. Ukawa huwezi kunywa. Ukiletewa chai, koo lilikaza kabla kikombe hakijafika mdomoni, na wewe ndiye uliyekuwa ukivuta chai kwa kelele hadi watoto wakuige. Hospitalini daktari aliuliza kama umewahi kuumwa na mbwa. Ndunge alimjibu haraka, kama mke anayemjua mumewe.

"Hapana, daktari. Ilikuwa patasi."

Ukageukia ukuta. Ukasema, "Si patasi."

Daktari akataka kujua mbwa wa nani. Ukasema wa kupita tu. Alieleza polepole, bila kukulaumu, kwamba lau ungeosha jeraha siku ile kwa sabuni na maji mengi, kisha ukaja kudungwa sindano, ungekuwa kazini. Ugonjwa ukishafika hapo hauna dawa. Alipotoka, ulimshika Ndunge mkono.

"Usimwambie Kweyu. Marion ndiye aliyemlea."

Hukusema tena neno tulilolielewa.

Ndunge alilishika neno lako. Mtaani walisema malaria imepanda kichwani. Wengine walisema umerogwa na wachongaji wenzako kwa wivu. Hakukanusha. Kule Machakos, udongo ulipokuwa ukirudishwa kaburini, alisimama kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Aliporudi alifunga kibanda, akautia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni. Hajaingia humo tangu siku hiyo.

Mwezi huu gari la kipaza sauti limepita tena. Chanjo ya bure, ukumbi wa Kaloleni, Jumamosi. Jioni hiyo Ndunge alikuwa mferejini, na Mama Dishon akamsogelea kwa adabu, sauti ya chini.

"Mama Nthoki, tunaomba ule ufunguo wa kibanda. Ni siku moja tu. Marehemu hangekataa."

Ndoo ilijaa, maji yakamwagika juu ya viatu vya Ndunge, na mtu mwingine ndiye aliyefunga mfereji. Ni kweli, Makau, usingekataa. Ungekuwa umeshafagia. Aliona mbwa wale wote mle ndani tena, na mikono mingine iliyoshika ukoko. Akasema ufunguo hautoki, akaiacha ndoo pale pale, akaenda moja kwa moja kwa Kweyu.

Kweyu alikuwa akivaa viatu aende zamu yake kiwandani. Ndunge hakuketi. Alimweleza yote, tangu kitambaa hadi ukuta wa hospitali, kwa sauti ile ile anayoitumia kununua sukuma wiki. Kweyu alisikiliza akiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Shemeji, mbona umekaa nalo mwaka mzima?"

"Alinikataza."

Marion alikuwa amesimama kwenye pazia. Siku hizi ana mbwa mwingine, mdogo, anamwita Popi. Hakuuliza lolote juu ya Bosko. Aliuliza kama Popi atapigwa risasi. Ndunge akamwambia hapana, atadungwa sindano, atalia kidogo, halafu mtarudi naye nyumbani.

Kweyu akavaa kiatu cha pili. Kisha akauliza kama ni kweli tunaandika kumbukumbu yako gazetini. Ndunge akasema ndiyo, na kwamba ndiyo sababu amekuja, asije akasoma kwanza na kuambiwa baadaye.

"Basi msiandike mbwa wa kupita," akasema. "Andikeni Bosko wa Kweyu. Na mimi mniandike."

Hivyo tumelivunja neno lako, Makau. Kwa mengine yote tutakusikiliza.

Makau ndugu wa damu, mkono wako wa kazi,
Uliwachonga kwa hamu wanyama bila pumzi;
Patasi haina zamu, imelala usingizi,
Tunaita, huitiki, tumenyamaza, twakaa.

Jumamosi hii, tarehe 14, tutakuombea nyumbani asubuhi, kisha tutatembea pamoja hadi ukumbini. Kila mwenye mbwa aje naye, akiwa na kamba. Mwenye paka pia. Mchungaji aliuliza kama ni heshima mbwa kuja kwenye maombi ya marehemu. Ndunge alimjibu kwamba marehemu aliwajua wote kwa majina. Mbwa aliyechanjwa mwaka jana kwingine achanjwe tena mwaka huu. Na yeyote atakayeumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa anayempenda, hata kidonda kikiwa kidogo, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, aende hospitali siku hiyo hiyo, na aseme ukweli ni mbwa wa nani. Hatutamchukia mwenye mbwa. Hatumchukii.

Kibanda chako kitakaa kimefungwa. Ndunge amesema yeye ndiye atakayemshika Popi wakati wa sindano, maana Marion anaogopa. Hajagusa mbwa mwaka huu wote. Tulipomuuliza kama ataweza, alisema hajui.

Wanaokukumbuka ni mkeo Ndunge. Watoto wako Nthoki na Muasya. Mama yako Kaluki. Mdogo wako Mbaluka. Na jirani yako Laban Kweyu pamoja na bintiye Marion, mwenye Bosko, ambao mahali pao palikuwa chini, pamoja na marafiki. Ndunge ndiye aliyesema waandikwe hapa, pamoja na ndugu.

Siku zetu zote, Makau, hatutakusahau.