Nani Huyo Aliyemwacha Mume Wangu kwa Treni?

Mpendwa Bi Ghaliya, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nna jambo limenikaa rohoni na kila nikilimeza linarudi. Mume wangu Hamood kastaafu mwaka jana wizarani Al Khuwair, hapa Maskati, mtu mpole, maneno yake ni "sawa" na "inshallah", miaka ishirini na sita ya ndoa sijapata kumsikia akipandisha sauti, basi kustaafu tu kalitoa kabatini gitaa lake alilokuja nalo kutoka Nairobi alikokulia, ambako anasema kila Jumapili redio ilikuwa ikipiga nyimbo za kantri za Wamarekani na yeye akizishika zote kwa moyo, na sasa kila baada ya alasiri anajifungia majlisi, chumba chetu cha wageni, anatunga za kwake, tena kwa Kiswahili, Bi Ghaliya, kantri kwa Kiswahili! Mwanzo nilicheka. Kisha nikatega sikio mlangoni nikasikia maneno.

Wimbo wa kwanza, mwanamke kamwacha alfajiri, kapanda treni, hata hakuaga. Wa pili, mwanamke huyo huyo, na mbwa naye kafa. Wa tatu, kakaa peke yake na vikombe viwili vya kahawa, kimoja hakina mnywaji. Sasa miye sijamwacha, Maskati hakuna treni ya kupanda, na mbwa hajapata kukanyaga kwetu. Lakini Nairobi treni ipo! Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nikamuuliza wifi yangu Noof, kwa siri, kama kaka yake aliwahi kuwa na mchumba huko. Akacheka tu, "Mh, mawifi hatusemi." Ijumaa ukoo mzima ukawa ushajua kwamba Hamood kaoa mke wa pili, na mdogo wake akampigia simu kumpa mabruk, hongera ya harusi!

Na yote haya yamekuja wakati mbaya. Kuna kijana wa Kitanzania, Godfrey, mpiga besi wa bendi ya hoteli moja Qurum, kamsikia Hamood na kamwalika Alhamisi hii akaimbe nyimbo zake mbele ya watu, mara ya kwanza maishani mwake. Alifurahi mpaka alikuwa akijichekea peke yake jikoni. Baada ya ile simu ya mabruk kalirudisha gitaa kabatini, akanambia, "Kama zinakuudhi, Mama Bashayer, basi, siendi." Nikamuuliza, "Nani huyo wa treni?" Akanijibu, "Mwanamke wa kwenye wimbo." Jibu gani hilo? Nimwache aende akamlilie hadharani, au nikae kimya gitaa libaki huko huko? Nataka kujua tu, wallahi!

Mama Bashayer, Darsait

Mama Bashayer, pole, tena pole ya kweli. Lakini kwanza nikugombeze.

Weye umelelewa na taarabu kama miye. Kwetu wimbo ukipigwa harusini, haujafika hata kati, shingo tushageuza: kapigwa nani? Kila ubeti una mwenyewe, na mwenyewe yumo ukumbini kajaa dhahabu. Basi sikio hilo hilo umelipeleka kwenye kantri. Kantri haina kijembe, bibi weye! Mtunzi wake anahadithia, na hadithi zao ndizo hizo: mtu kaachwa, treni imeondoka, mbwa kafa. Asiyeachwa hujiachisha ili apate wimbo. Ungemuuliza mumeo jina la huyo mbwa, sidhani kama angekuwa nalo.

Ati, yupo mwanamke kweli? Huenda yupo. Hamood hakuzaliwa siku ya ndoa yenu. Kuuliza si kosa, kosa ni kumuuliza Noof. Siri ya nyumba ukimpa wifi ulitegemea nini?

Na lililokuuma khasa hukuliandika, basi ntakuandikia miye. Miaka yote hiyo umekula "sawa" na "inshallah", kumbe kifuani mwa mumeo mlikuwa na maneno chungu nzima, na kaenda kuliambia gitaa badala ya kukwambia weye. Hilo linauma, ningekuwa miye ningelia. Lakini ukimnyamazisha, usidhani maneno hayo yatahamia kwako. Atarudi kwenye "sawa" yake, na safari hii hatoki tena.

Sasa nisikilize. Leo leo mpigie Noof, mwambie hakuna mke wa pili, naye awapigie wote aliowapelekea. Gitaa litoe kabatini kwa mkono wako, mpe. Alhamisi jipambe, nenda naye Qurum, kaa mbele, na shingo yako itulie. Mkiwa njiani kurudi, muulize khabari za yule mwanamke kama unavyouliza za jirani aliyehama: kaenda wapi, kwa nini hakuaga, karudi? Kisha funga mdomo umwache ajibu. Mkifika Darsait hajamaliza, usishuke garini.