Maoni ya filamu yaliyofika kwa mjukuu

Mwenzangu, nimekwisha. Yale maoni ya filamu niliyokuandikia wewe, nimeyatuma kwenye kundi la familia.

Yote! Kwamba katika ile ya zamani tuliyoirudia juzi, mama analia ametupa mgongo, na sisi tukalia naye. Na kwamba katika hii mpya, mjukuu wangu aliyeigiza humo analia kama anayemenya vitunguu.

Vitunguu, mwenzangu! Nimemwandikia mtoto vitunguu!

Na ndiye aliyenipeleka kuitazama. Alinishika mkono kwenye ngazi za ukumbi, akavua sweta lake akanifunika miguu.

Mama yake kanipigia: “Mama, umeridhika? Mtoto kajifungia chumbani.”

Mjukuu mwenyewe kajibu tu, “Asante, bibi,” akatoka kwenye kundi.

Nikamwandikia kwamba nilikuwa natania. Nikafuta. Nikaandika tena.

Kabla sijatuma, akaniandikia mwenyewe: “Bibi, wewe hujawahi kunidanganya. Ulikuwa unatania?”

Nimemjibu, “Hapana, mwanangu.”

Ameshasoma. Mwenzangu, naona ameshasoma. Anaanza kuandika, anaacha. Anaanza tena, anaacha.