Mama wa Maombi Asiyepita Kona

Jumapili, 5 Mei 2002

Ibada nzuri leo. Baadaye watu wakaja kwangu ku chumba ya maombi, kama kila Jumapili. Walijaa! Wengine walikaa juu ya mifuko yangu ya makara ya kupikia, wakaondoka na makalio meusi. Shauri yao.

Aloys wa taxi alitoa ushuhuda. Anasema tangu nilimuombea, mikono haitetemeki tena ku usukani. Sasa anapita hata njia ya Kibenga yenye barieri za askari, yeye ambaye zamani alikuwa anaikataa hata umupe nini. Watu wakapiga makofi. Mi pia nikapiga.

Ee Bwana! Na mi mwenyewe, kona ya fundi viatu sijaivuka tangu mwaka jana, tangu ile siku risasi zilitukuta tukitoka soko, nikalala mu mutaro na uso ndani ya maji machafu. Hakuna mutu anajua. Wanazani nabaki nyumbani kwa sababu napenda wageni!

Si vibaya lakini. Makara nauza ku mulango, kanisa iko upande huu wa kona, chumvi na mafuta Béatrice jirani ananiletea. Mutu anaweza kuishi hivi. Nimenenepa hata.

Jumanne, 7 Mei

Joëlla amezaa! Mutoto mwanamuke! Binti yangu mama!

Aloys ndiye alileta habari, akapiga honi toka kona mpaka kwangu, mutaa wetu wote wa Cibitoke ukatoka nje. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wote wawili wazima, wametoka hospitali, wako kwao Kibenga. Asante Mungu, asante, asante.

Halafu Aloys akasema Joëlla anauliza nitafika lini.

Ni mimi wa kuogesha mutoto. Ni mimi wa kumukanda Joëlla tumbo na maji ya moto. Mama yangu alinifanyia hivyo kule Bukavu, hakutuma mutu. Lakini Kibenga! Kule chini kabisa, ku ziwa, na mi niko huku juu. Kati yetu kuna mji muzima na barieri za askari. Nikajibu: nitakuja, niombe kwanza.

Mutu wa Mungu, jibu tamu hilo!

Jumatano, 8 Mei

Nimefunga. Nimemuomba Mungu anipe ishara kama niende.

Asubuhi kulitulia kabisa, hata mulio mumoja wa bunduki za waasi toka milimani hakuna. Nikasema apana, hii si ishara, hii ni asubuhi tu. Muchana upepo ukabamiza mulango wa jirani — nikajikuta chini ya meza. Nikasema, hiyo ndiyo ishara! Nikacheka peke yangu kule chini. Mwanamuke wa umri wangu, bibi ya mutu!

Sijala, sijaamua. Nitalala na njaa bure.

Alhamisi, 9 Mei. Kupaa kwa Bwana

Béatrice amekuja baada ya ibada, furaha mpaka masikio. Wamama wamepanga yote: Jumamosi tunaenda kumuhemba Joëlla, kumupelekea zawadi za uzazi. Kila mutu na kitunga chake, muchele, unga, ndizi, fanta, na mimi mama ya muzazi nitangulie mbele. Mwenye hajaenda kuhemba binti yake mwenyewe, watu watasema nini?

Nikasema mguu unaniuma.

Mguu gani?

Wa kushoto.

Akaufinya, nikasahau kulia. Hapo ikanitoka yote: kona, mutaro, meza, yote. Nikangoja ashangae. Huyu mwanamuke akacheka mpaka fulari ikaanguka toka ku kichwa! Akasema, Mama Joëlla, unazani hatujui? Nani analetaka chumvi yako? Akasema wanakuja kuomba kwangu kwa sababu naombaka kama mutu mwenye anaogopa kweli. Wale wenye hawaogopi kitu, maombi yao ni kelele tu, Mungu mwenyewe anachoka.

Nilikasirika sana. Halafu nikalia. Halafu tukala viazi, funga ikaishia pale.

Kabla ya kwenda aliniwekea mukono ku kichwa. Ndani ya hiyo chumba nimeombea nusu ya mutaa, lakini kuombewa mi? Leo ndiyo mara ya kwanza. Ombi fupi kabisa: Mungu, huyu anaogopa na mujukuu wake anataka kuogeshwa, tusaidie tumufikishe. Nikasikia moyo unashuka mahali pake.

Ijumaa, 10 Mei

Nimevuka kona! Na Béatrice. Nikasimama kule ng'ambo, nikahesabu mpaka kumi. Nikarudi. Fundi viatu akasema, karibu Mama, umerudi lini? Alifikiri nilihama!

Nimepiga pasi kitenge cha kesho.

Jumamosi, 11 Mei. Kibenga

Niko Kibenga! Naandika hii kwa binti yangu, mujukuu analala karibu na goti langu.

Ndani ya taxi nilikaa katikati, macho nimefunga, nimekamata Béatrice mpaka sasa ana alama. Mbele ya barieri Aloys akauliza, Mama, utuombee? Nikamuambia omba we, mi nashikilia Béatrice. Akaomba kwa sauti, Béatrice anapiga kelele: fungua macho, unaendesha! Askari akafunua kitunga kimoja, akaona ndizi, akauliza nani amezaa. Tukasema. Akasema Mungu amukuze. Nikachungulia: kijana tu, sura kama ya watoto wetu wa kwaya.

Niseme ukweli, woga haukutoka njiani. Nilifika nao hivyo hivyo mpaka ku mulango. Lakini nilifika.

Mutoto ana paji la mama yangu! Wamama waliimba, wakacheza, wakamaliza fanta zenye walileta wenyewe. Mama mukwe wa Joëlla, Marguerite, mwanamuke tajiri wa mutaa wa Kinindo na miwani yake, alitaka kuleta muuguzi wa kuogesha mutoto. Nikamuambia asante, muuguzi amekwisha kufika. Nikakunja mikono ya nguo. Aliona kazi, akanishikia sabuni.

Wenzangu wamerudi na Aloys. Mi nabaki. Nina furaha mpaka inaniuma mbavu. Asante Yesu.

Jumapili, 12 Mei. Kibenga

Tangu saa kumi ya muchana milimani kunalia bunduki. Kwanza mbali. Sasa si mbali.

Tuko wote ku koridoo: Joëlla na mutoto, bwana yake mwenye ni mukwe wangu, na Marguerite. Alipita kutusalimu akitoka kanisani, sasa hawezi kurudi Kinindo. Miwani ameweka chini, amekamata mukono wangu wa kushoto. Naandikia ku paja.

Akasema, Mama Joëlla, omba, we unajuaka. Nikasema: Mungu, tunaogopa, na we uko hapa na sisi, amina. Akafungua jicho moja. Ndiyo hiyo tu? Nikajibu ndiyo hiyo tu, mama, mi naijua vizuri. Akasema amina, na akaniachia mukono kidogo.

Woga uko hapa hapa. Ukae.

Shida ni mutoto. Amejichafua mpaka ku shingo, analia, na maji nilikuwa nimeweka ku mbabula ya makara kabla hii kelele haijaanza. Jiko iko nje, lazima uvuke kiwanja. Marguerite anasema mutoto ataoga kesho. Mukwe wangu anasema atayaleta yeye, amesimama mara mbili, mara mbili Joëlla amemuvuta shati. Na maji hajui kupima, ataunguza mutoto.

Nimemuambia Joëlla amuvue mutoto nguo.

Mulio mwingine. Mungu wangu.

Sasa kumetulia kidogo. Maji yamechemka, nasikia kifuniko kinagonga. Naenda mi.