Chumba cha Bibi Kimeishia Madirishani

Tusekile na Beatrice,

Wali na samaki viko kwenye sufuria nyeusi. Mvua ikianza, anueni mkeka wa bibi.

Nimekwenda Njisi kwa mjomba wenu, kumuuliza kama amebakiza matofali yoyote. Yetu yamekwisha asubuhi hii, na kuta za chumba cha bibi zimeishia katikati ya madirisha. Baba yenu alipiga hesabu ya matofali ya kusimamisha. Fundi Dulla anayalaza, maana ardhi yetu ina maji na ukuta mwembamba hautadumu. Yakilazwa, yanatakiwa karibu mara mbili. ~~Angemuuliza fundi kwanza~~ Hapana, nimefuta. Hata mimi nilikuwepo akihesabu, nikamsifia.

Kuchoma mengine haiwezekani mpaka mvua zikatike, na bibi hana pake tangu Mto Songwe uichukue nyumba yake.

Leo aliingia mwenyewe, akafagia, akasimama katikati. Ukuta unamfika begani.

"Mimi mfupi, Aliko," akamwambia baba yenu. "Panatosha. Ndaga, mwanangu."

Akamshukuru hivyo mara mbili. Baba akageukia ukutani, akawa anapangusa tofali lisilo na vumbi.

Bado yuko kule. Mpelekeeni chakula, msimuulize habari za matofali. Funikeni kuta kwa turubai.

Na bibi anasema leo analala chumbani kwake. Mzuieni kwa upole. Mimi nimeshindwa.

Mama yenu